Leo Ni Siku ya Wanaume

La Chorrera, Jumanne

Mwanangu Yaritza,

Sisi tupo, na kuku wa jirani siku hizi anataga kwetu. Karantini bado: wanawake tunatoka Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, wanaume Jumanne na Alhamisi. Baba yako katoka asubuhi kununua mihogo, na sasa ni saa tisa, hajarudi. Nilikuficha jambo, mwanangu. Baba yako anasahau. Juzi aliniuliza mimi ni nani.

Nilimwita polisi aliyekuwa akipita. "Rudi ndani, mama. Leo si zamu yenu."

Jirani yangu Nidia akacheka dirishani: "Ota ndevu basi, mwenzangu!"

Nimevaa suruali ya baba yako na kofia yake. Barakoa itanificha uso. Barua hii namwachia Nidia. Wakinikamata, usinionee haya. Nimekwenda kumtafuta.

Mama yako akupendaye,
Eneida