Ushuhuda Mmoja kwa Watoto Watano

Mshauri mheshimiwa,

Kwa heshima inayokustahili nabisha hodi katika safu yako, ambayo naisoma kila Jumamosi tangu ilipoanza, nikiwa na jambo ambalo nimelibeba kwa siku kumi na mbili na nimeshindwa kulitua mahali pengine popote, kwa kuwa mchungaji wetu kila akiniona hugeukia ukutani azuie kicheko, na mume wangu, ambaye ni dereva wa malori ya masafa marefu, nilipomweleza kwa simu alitoa sauti za ajabu hadi utingo wake akaichukua ile simu na kuniuliza, "Shemeji, kuna msiba?"

Naomba kujitambulisha. Mimi ni mhudumu wa masjala katika ofisi moja kubwa, kazi yangu ikiwa ni kupokea majalada, kuyapanga na kuyapeleka meza hadi meza, na ingawa elimu yangu ya darasani iliishia darasa la saba, lugha ya kiofisi nimejifundisha mwenyewe kwa kuyasoma majalada hayo wakati wa mapumziko, mwaka hadi mwaka, mpaka sasa wakubwa wenye shahada huniletea barua zao niziangalie kabla hazijatoka, jambo ambalo sitaficha kwamba linanifurahisha. Kanisani nako risala ya akina mama, barua ya shukrani kwa mgeni rasmi na hata tangazo la kupotea kwa mwavuli hupitia mkononi mwangu kwanza.

Mungu amenijalia binti mmoja, kifungua mimba na kitinda mimba kwa wakati mmoja, mwenye umri wa miaka kumi na mitano, na huyu nimemlea katika imani kwa utaratibu usioyumba: sala ni saa kumi na mbili kamili asubuhi, kabla ya chai, na inasomwa kutoka katika daftari la jalada gumu nililoliandika mwenyewe, ukurasa wa kwanza ukiwa ni wa shukrani, wa pili toba, wa tatu wagonjwa na wasafiri, na wa nne maombi ya siri ya moyoni. Utaratibu huu niliuanzisha kwa sababu ambayo nitaitaja bila kujitetea. Marehemu mama yangu alikuwa dobi wa kufua kwa mikono, hakujua kusoma, na alikuwa akimsemesha Mungu juu ya beseni kama mtu anayemsemesha jirani wa ukuta wa pili: "Baba, hili shuka la leo limenishinda, na mtoto ana homa, hebu angalia wewe uanze na lipi." Wenzangu wa shule wakipita uani na kumsikia walikuwa wakicheka, nami niliona aibu kubwa, nikaapa kwamba wanangu watafika mbele za Mungu kwa lugha iliyopangika.

Sasa naingia katika kiini cha barua hii. Binti yangu yumo katika darasa la kipaimara, na mwalimu wa darasa hilo, ambaye kwa kazi ni seremala, alitangaza kwamba Jumapili fulani kila mtoto angesimama mbele ya usharika na kueleza kwa maneno yake mwenyewe jambo ambalo Mungu amemtendea. Maneno hayo "kwa maneno yake mwenyewe" niliyasikia vizuri, mshauri, ila niliyachukulia kama yale masharti ya chini ya fomu ambayo kila mtu huyatia saini bila kuyasoma. Nikaketi nikamwandikia binti yangu ushuhuda wa aya tatu, unaosema kwamba alipokuwa katika bonde la maradhi, matabibu wakiwa wamekata tamaa, mkono wa Bwana ulimfikia kitandani, na nikachagua maradhi kwa kuwa kwa uzoefu wangu ushuhuda usio na ugonjwa watu huusikiliza huku wakitafuta miwani yao. Kabla wino haujakauka akaja mama mmoja tunayeimba naye kwaya, mwenye duka la daftari na mashine ya kutoa nakala, akaniambia, "Shoga, wa kwangu akisimama pale atasema asante kisha akimbie. Nami niandikie." Kwa kuwa nilikuwa nachelewa kazini, nilimpa nakala ya ule ule, nikiacha nafasi ya jina, nikamsisitiza kwamba abadilishe ugonjwa. Hakubadilisha ugonjwa. Aliporudi dukani alitoa nakala akawagawia akina mama wote waliopita siku hiyo na kumlalamikia kama alivyonilalamikia mimi.

Jumapili ikafika. Mtoto wa kwanza alisoma ushuhuda vizuri sana, watu wakaitikia amina, nami nikaona fahari. Wa pili alipoingia katika bonde la maradhi nilianza kutokwa jasho. Wa tatu ni golikipa, kijana wa mwili uliojaa ambaye hata mafua hajawahi kuyasikia, naye alipotamka kwamba matabibu walimkatia tamaa, baba yake aliinuka nusu kitini akamwuliza mkewe kwa sauti ya benchi zima, "Lini?" Wa nne, kwa hofu, akasoma kila kilichokuwa kwenye karatasi: "Mimi, jaza jina hapa, mtumishi mdogo wa Bwana." Hapo waumini walishindwa kujizuia. Wa tano alisoma huku analia kwa kicheko, na mchungaji alikuwa amefunika uso kwa kitabu cha nyimbo.

Wa sita alikuwa binti yangu. Alisimama, karatasi ikiwa imekunjwa mkononi, akasubiri watu watulie, akasema, "Mimi ushuhuda wangu mmeshausikia mara tano. Na sijawahi kulazwa. Naomba nikae." Akakaa.

Kicheko ningekivumilia, mshauri. Lililoniondolea usingizi ni la kesho yake jioni, tulipokuwa jikoni, mimi nikiosha vyombo naye akifuta, aliponiambia kwamba ameshamwona mwalimu wa kipaimara na kumweleza kwamba jina lake litolewe katika orodha. Nikamwuliza kama ni kwa sababu ya aibu. Akasema, "Mama, aibu imeisha jana ile ile. Siwezi kuahidi mbele ya watu kitu ambacho nimekariri. Hebu niambie, wewe ukiwa peke yako unamwambia nini?" Nikamjibu kwamba yote yamo katika daftari, ukurasa wa nne. Akasema, "Huo naujua kwa kichwa. Nauliza wewe." Nami, ambaye sijawahi kukosa neno mbele ya mkuu wa idara yeyote, nikafungua bomba la maji nikaendelea na sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata.

Kwa kuwa hapa hatuonani uso kwa uso, nitakueleza wewe. Mimba yake ilipofika miezi saba, mtoto aliacha kucheza tumboni siku nzima, nikaenda hospitali peke yangu, nikakalishwa kwenye benchi la korido, na pale nilijaribu kusali kwa utaratibu wangu, nikajaribu mara ya pili na ya tatu, maneno yote yakanikimbia kama sijawahi kushika jalada maishani, na kilichonitoka mdomoni, nasikitika kwa udhaifu wake, kilikuwa hiki tu: "Mimi ni mtoto wa yule dobi. Unamfahamu. Nisaidie." Nikayarudia hayo hayo hadi nesi akaniita ndani, akanipaka mafuta ya baridi tumboni, na tukasikia mapigo. Hili sijalisimulia popote, hata nyumbani, kwa kuwa halina mwanzo, kati wala mwisho, na halifai kusomwa mbele za watu.

Ibada ya kipaimara itafanyika baada ya wiki tatu. Bibi yake alinikabidhi imani, mimi nimeikabidhi kwa maandishi, na sasa naona inaishia mikononi mwangu. Ombi langu, mheshimiwa, ni kwamba uniandikie maneno mazito na yaliyopangwa vyema ya kumshawishi, nami nitamkabidhi ayasome.

Ni mimi mwenye masikitiko,
Mhudumu wa Masjala

JIBU LA MSHAURI

Dada yangu wa masjala,

Nimecheka. Tuanze na hilo ili lisitusumbue huko mbele. Nilipofika kwa "jaza jina hapa" mhariri alikuja kuchungulia kama nimepaliwa, nikampa barua akasome, naye hajarudi mpaka sasa. Nisamehe. Nilipofika kwenye korido ya hospitali sikucheka tena.

Maneno mazito ya kumshawishi binti sikuandikii. Nisikilize vizuri, maana wewe ni mtu wa kusoma mistari yote: umetoka kuandikia watoto wa watu imani ya karatasi, mambo yakaharibika mbele ya usharika mzima, na dawa unayoiomba kwangu ni karatasi nyingine! Mtoto kakuuliza swali la maneno machache, tena kwa heshima, huku anakufutia vyombo. Ukamtuma kwenye ukurasa. Akakwambia ukurasa anaujua. Ukafungua bomba. Dada, ungekuwa karani kwenye dirisha la kupokelea wananchi ningekushitaki kwa mkuu wako.

Unasema binti anaiacha imani. Mimi niliyemsoma kwako ni mtoto aliyekataa kusema uongo kanisani, watu wakiwa wanamtazama, na angeweza kabisa kuwa wa sita kupita mle bondeni akaenda zake kunywa chai. Hakumbembeleza mtu, hakumtaja mama yake. Kisha akaenda kwa mwalimu kwa miguu yake mwenyewe, akaeleza. Anaichukua ahadi kwa uzito kuliko ninyi mliomwandalia. Mtoto asiyejali angesoma, akapigwa picha, mambo yakaisha. Kwa hiyo futa machozi, umelea vizuri kuliko unavyojua, na zile asubuhi za saa kumi na mbili hazikwenda bure.

Ila umemficha kitu. Umemficha bibi yake, kwa aibu ya wenzako wa shule ambao leo hata majina yao huyakumbuki, na umejificha wewe. Miaka kumi na mitano mtoto anaishi na mama anayesali kama anayeomba likizo ya mwaka, hajui kwamba mama huyo huyo siku moja aliishiwa maneno akasikilizwa. Tena kwa ajili yake! Hayo uliyoniandikia, ukayaombea radhi kwa udhaifu wake, ndiyo jibu la swali lake. Umeliandika vizuri, likaja kwa mtu asiyeuliza. Na unaniambia halina mwanzo wala mwisho. Mwisho wake ana miaka kumi na mitano na anafuta vyombo jikoni kwako.

Sasa fanya hivi. Mkalishe, au msimame, mkiwa mnafanya kazi yoyote ile, umwambie habari ya korido. Usiandike kwanza. Najua mkono utawasha, uache uwashe. Ukikwama katikati, kwama, naye akuone umekwama. Mwambie na ya beseni, shuka na homa, umwigizie sauti ya bibi yake kama unaikumbuka, na nina hakika unaikumbuka. Akikuuliza swali usilokuwa na jibu lake, sema, "Mwanangu, hilo mimi sijui," kisha usiongeze kitu. Ni sentensi ngumu kwa mtu wa ofisi, lakini inasemeka.

Lile daftari usilichome, usije ukaniletea tamthilia. Liache pale pale. Ila ukurasa wa nne ung'oe. Maombi ya siri ya mtu hayaandikwi na mtu mwingine, hata akiwa mama yake, hata akiwa na mwandiko mzuri.

Nenda pia kwa yule seremala, umwambie ukweli kwamba chanzo ni wewe, na umwombe awape wale watoto watano nafasi nyingine ya kusema chochote walichonacho. Asante ikitosha, itoshe. Yule atakayesema asante na kukimbia atakuwa amesema lake. Golikipa huenda akamshukuru Mungu kwa kutougua kamwe, na huo nao ni ushuhuda, mwambie baba yake. Shoga yako wa mashine ya nakala mwachie mkewe mchungaji.

Kuhusu zile wiki tatu: usimhesabie siku. Usimtume shangazi, usimtume mchungaji, usimpigie baba yake barabarani amshawishi kwa simu huku utingo anasikiliza. Kipaimara kipo mwaka huu, kitakuwepo na mwaka ujao, na Mungu aliyemngoja miezi tisa tumboni hawezi kushindwa kumngoja hadi akamilishe kufikiri. Akirudisha jina lake, vizuri. Akisema bado, siku ya ibada nendeni wote wawili, mkae benchi moja, mkawaimbie wenzake, na usimwombe mtu radhi kwa niaba yake.

Barua yako ilipaswa kutoka wiki iliyopita. Niliizuia, nikakupigia kwa namba uliyoandika chini ili nikusomee jibu hili kwanza, maana si haki mtoto akutane na habari ya kuzaliwa kwake gazetini. Ulinishukuru kwa Kiswahili kilichonyooka sana na kuniahidi kwamba "utalifanyia kazi suala hilo." Lugha hiyo naijua, dada, nami nimewahi kufanya kazi ofisini. Kwa hiyo kama ni Jumamosi, unasoma hapa, na bado hujamwambia, weka gazeti chini. Yuko chumba cha pili. Nenda.