Nusu Mzunguko wa Kitanda

4 Mei 1979

Mwanangu,

Pokea salamu zetu. Mimi mzima, magoti tu yananung'unika. Mama yako yuko vilevile; upande wa kushoto haujarudi tangu kiharusi. Sasa ana ombi moja tu: anataka kuuona mlango. Amelala kichwa upande huo, kwa hiyo humsikia anayeingia asimwone, na kila mara huuliza kama ni wewe. Nimejaribu kukikingamisha kitanda, kimegoma. Wewe ndiye mwalimu wa hesabu, nisaidie.

Baba yako

11 Mei

Baba,

Shikamoo. Sijambo, ila kazi imenibana kwelikweli. Robo mzunguko haiwezekani, kitanda ni kirefu kuliko upana wa chumba. Kitoeni mpaka sebuleni, kizungusheni nusu mzunguko, mkirudishe. Mstatili ukigeuzwa hivyo huangukia palepale, pembe kwa pembe, hata kabati halitasogezwa. Hakuna kitakachobadilika, ila mama atauona mlango. Mwambie nakuja mitihani ikiisha.

Binti yako

19 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Tunamshukuru Mungu. Tumekigeuza, mimi na dada jirani, yule fundi cherehani, na kweli miguu ya kitanda imekanyaga alama zake zilezile sakafuni. Nikasema huyu hakusoma bure. Lakini asubuhi mama yako hakuweza kufikia chai. Mkono wake mzima sasa umebanwa na ukuta, na ule uliolala ndio uko upande wa stuli ya chai. Kitanda hakina kulia wala kushoto, mama yako anavyo. Namlisha mimi, naye unajua asivyopenda kulishwa. Nilipotaka kukirudisha alikataa. Anasema afadhali anyweshwe kama mtoto mchanga kuliko uje akupe kisogo.

Njoo, mama.

Baba yako

27 Mei

Baba,

Shikamoo. Mama anaendeleaje? Barua yako imeniumiza. Nafundisha maumbo kila siku, nikasahau kwamba juu ya mstatili ule amelala mtu. Litoeni kabati, kitanda kihamie ukuta wa pili vivyo hivyo kilivyo, mkono wake mzima utapata nafasi. Nikimaliza kusahihisha tu nitapanda basi.

Binti yako

9 Juni

Mwanangu,

Leo sijui nianze na salamu gani. Mama yako ametutoka, tumemzika jana. Kabati hatukuwahi kulitoa.

Siku zake za mwisho kila aliyetokea mlangoni alimdhania wewe. Mara ya kwanza nilimwambia siye, akalia mchana kutwa, basi nikakoma. Jumanne jioni jirani aliingia na maziwa. Mama yako akamkazia macho, akauliza, "Umefika?" Yule dada akanitazama mimi, akaweka kikombe chini, akamshika ule mkono uliolala. "Nimefika, mama." Mama yako akatabasamu, akafumba macho, hakuyafumbua tena.

Usimkasirikie. Mimi nimemshukuru, na ukija nawe umshukuru.

Baba yako