Sikuzaa Mgomba

Kilindoni, Mafia
12 Novemba 2023

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute na afya, na lile goti liwe limepunguza kelele. Mimi mzima, nakula kupita kiasi, na jua limenichoma mpaka ukiniona utauliza huyu ni mtoto wa nani. Mdogo wangu Luka hajambo? Baba mdogo Yonasi na watu wote wa Isansa hawajambo?

Nimeona nikuandikie kwa sababu simu huku ni ya kubahatisha. Tukitoka bandarini wiki nzima inapita hatujaona mnara, na wewe ukiambiwa sipatikani unaanza kunililia. Barua nitaiweka kwenye basi la Tunduma tukifika Dar es Salaam. Kondakta ataishusha Vwawa dukani kwa Ferista, na yeye hakosi mtu wa kumpa.

Mama, kuna jambo sikulisema mapema. Niliondoka nyumbani kuwa mpishi wa meli, lakini jikoni nimeshatoka. Meli yetu haibebi mizigo wala abiria. Inabeba wageni wanaotaka kuona chini ya bahari. Wanalala humohumo, wanakula humohumo, tunahama nao kutoka mwamba hadi mwamba, Mafia, Songosongo, hadi Pemba. Mkuu wetu wa kuzamia, Danford, aliona ninavyopenda maji akanifundisha mpaka nikapata cheti. Sasa mimi ndiye ninayewatangulia wageni kule chini na kuwarudisha juu wakiwa hai. Tunabeba mtungi wa hewa mgongoni, tunapumua kwa mpira. Usishtuke, wapo wanaofanya kazi hii mpaka wanazeeka.

Natamani ungeona. Wanayaita matumbawe, ukiyatazama unadhani ni mawe, kumbe ni viumbe hai, vinakula na kukua. Kuna mahali yamechanua kama kahawa yetu baada ya mvua ya kwanza, na samaki wanapita katikati bila haraka. Yupo chewa mmoja mnene, tunamkuta chini ya mwamba uleule kila safari, ana uso wa mtu aliyeudhiwa na ndugu zake. Nimempa jina la baba mdogo Yonasi. Usimwambie.

Luka mwambie aachane na mawazo ya dhahabu. Jikoni kwetu kuna nafasi, nimeshamwombea.

Mwanao,
Lwitiko


Isansa, Mbozi
3 Desemba 2023

Mwanangu Lwitiko,

Marahaba. Bwana asifiwe. Goti bado lipo, ila kanisani linanifikisha na shambani linanifikisha, nidai nini zaidi? Mahindi tumepanda na mvua haijatutupa.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa hasira. Mtoto wa milimani, ambaye kamto ka hapa bondeni ulikuwa unavushwa kwa mkono, leo unakaa chini ya bahari unapumua mpira! Na mimi kila asubuhi namwomba Mungu abariki masufuria yako. Ungesema mapema nibadilishe maombi.

Hasira ilipoisha nikaona fahari, sitakuficha. Niliwaambia kinamama wa kwaya kwamba mwanangu anatembea chini ya bahari na kurudi. Roda akasema hapo nimezidisha chumvi, nikampa barua asome mwenyewe. Sasa Isansa nzima wanajua. Hata mchungaji aliyetutembelea kutoka Mbozi Mission alinisalimia kwa habari hizo.

Luka hakunisikia. Alichoka kusukuma mkokoteni pale mpakani Tunduma, lakini anasema hawezi kuacha mkokoteni akaoshe sahani za wageni. Amekwenda Saza na rafiki yake Jairo. Wameingia kwenye duara, yaani lile shimo la dhahabu ambalo watu wanashuka kwa kamba. Anasema ni kwa msimu huu tu. Basi mimi niliyezaa wawili nimebaki juu peke yangu, mmoja yuko chini ya maji na mwingine chini ya ardhi. Andika, usikae kimya.

Mama yako


Isansa
28 Aprili 2024

Mwanangu,

Natumaini ulifika salama na wakubwa wako hawakukugombeza kwa siku za ruhusa ulizozidisha. Sisi tupo. Siwezi kuandika kwamba tu wazima.

Ulipoondoka Saza uliacha pampu zinavuta maji, ulijionea. Juzi zimezimwa. Wenye duara wanasema maji yaliyojaa shimoni yakamfunika Luka yanatoka kwenye mashimo ya zamani, yameungana huko chini kwa chini. Ukivuta huku yanaingia kule, na mvua haikatiki. Jairo ameapa tena mbele yangu kwamba yeye alikuwa karibu na kamba ndiyo maana akatoka. Luka alikuwa mbele kabisa, na mbao zinazoshikilia kuta zikaanguka nyuma yake.

Ukoo umekaa. Baba mdogo Yonasi amesema tufanye walivyofanya wazee kwa mtu aliyepotelea majini: unakatwa mgomba wa urefu wake, unavishwa sanda, unazikwa badala yake, kando ya marehemu baba yenu. Kilio kinakwisha, watu wanarudi mashambani. Lakini wewe unajua sharti lake. Kaburi hilo likishafukiwa limefungwa. Hata mwili ukionekana kesho haurudi nyumbani, maana mtu hazikwi mara mbili. Ukimzika mara ya pili unamwita mwingine wa nyumba hiyo amfuate.

Nilisimama mbele ya wanaume nikawaambia, "Sikuzaa mgomba."

Nimekataa, Lwitiko. Nalala sakafuni mpaka leo, tanga halijaanuliwa, na moto wa msiba uko uani. Watu wamepungua, siwalaumu, kila mmoja ana magugu yake. Roda tu ndiye aliyebaki kulala na mimi. Na Roda ndiye aliyesema neno ambalo limeniingia moyoni halitoki: si una mtoto anayetembea chini ya bahari na kurudi?

Maji ni maji, mwanangu. Njoo na mtungi wako umtoe mdogo wako. Bahari nzima unaiweza, shimo la Saza litakushindaje? Nataka nimwone nimfunike mwenyewe. Sina ombi lingine katika dunia hii.

Mama yako


Dar es Salaam
10 Mei 2024

Mama yangu,

Shikamoo, na pole tena. Meli imepandishwa nchi kavu inapakwa rangi, nami nimekuwa nikipaka huku barua yako iko mfukoni. Nimetafuta namna ya kukujibu bila kukuumiza, sikuipata.

Mama, maji si maji. Baharini nikishuka naona mwanga juu yangu. Kitu kikiharibika naufuata, na mgeni akipotea namwona kwa mbali. Pale Saza, siku ile mlipodhani naomba, nilikuwa nimepiga magoti ukingoni nikaingiza mkono mpaka kiwiko, na vidole vyangu sikuviona. Lile ni tope. Chini yake kuna mbao zilizovunjika na kamba zilizojiviringisha, na njia ya kurudi ni moja tu, ambayo ukuta wake ukiuegemea unamomonyoka. Nilimsomea Danford maneno yako. Ameanza kuzamia kabla mimi sijazaliwa. Akaniambia, "Huko haendi mzamiaji. Huko anakwenda maiti wa pili."

Luka nampenda. Nilimbeba mgongoni kabla hajajua kutembea, na nimemlilia mpaka wenzangu wakanionea aibu. Lakini siwezi, mama. Mkubalie baba mdogo, zikeni mgomba. Nisamehe.

Mwanao,
Lwitiko


Isansa
19 Mei 2024

Lwitiko,

Nimesoma. Wageni wa watu unawatangulia chini na kuwarudisha juu wakiwa hai, uliniandikia mwenyewe. Mdogo wako, ambaye hakudai hata kurudi hai, ndiye aliyekushinda.

Usiniandikie tena. Tanga halianuliwi.

Mama Luka


Mkwajuni, Songwe
7 Agosti 2024

Mama,

Shikamoo, ingawa sijui kama utaipokea. Ferista ameniambia kwamba barua zangu zote zinakufikia na unaziweka bila kuzifungua, na kwamba bado unalala sakafuni na umekonda. Hii nimempa Jairo akukabidhi mkononi na asiondoke mpaka uifungue.

Nimekuja. Sikuweza kukaa. Mwaka huu bahari ilipata joto, na matumbawe mengi yamekufa. Yamebaki meupe, na samaki wamehama. Niliwatangulia wageni juu ya mifupa ile, wanapiga picha, na nilichokuwa nakiona mimi ni Luka amelala pale peke yake. Nikapanda juu nikamwambia Danford naondoka. Alinipa mitungi miwili na kamba ndefu huku amegeuza uso, na hakuniaga.

Kiangazi kimetulia, tope la duara limeshuka kidogo. Wenye duara wamenipa ruhusa. Jumamosi asubuhi nitashuka. Jairo atashika kamba juu.

Sikudanganya nilipokuandikia mwezi wa tano. Yote niliyosema kuhusu shimo lile ni kweli mpaka sasa. Ila nimegundua kwamba naweza kuishi na hofu ya maji yale, na siwezi kuishi nikiwa mtoto ambaye mama yake hamfungulii barua.

Nisipopanda, usimruhusu mtu yeyote anifuate, hata akijitolea. Mwambieni baba mdogo akate migomba miwili.

Mwanao,
Lwitiko


Isansa
9 Agosti 2024

Mwanangu Lwitiko,

Marahaba. Marahaba ya leo na ya barua zile zote. Nimezifungua.

Jairo alifika jana. Nilisoma mpaka pale penye migomba miwili nikashindwa, Roda akanimalizia. Nikamketisha Jairo, nikamwambia asinifiche: ukishuka, utarudi? Alitazama miguu yake. "Mama, mimi mule nilitoka kwa bahati tu," akasema. "Kamba nitaishika, ila siwezi kukudanganya."

Nikatoka hapo nikaenda kwa baba mdogo Yonasi kwa miguu yangu, mimi niliyemkatalia mbele ya watu. Hakunisimanga. Alisema tu kwamba watu wataitwa.

Leo asubuhi niliingia migombani na panga. Wanaume walitaka kunipokea, nikawakataza. Nilitafuta mgomba wa urefu wake, nikausimamisha ubavuni mwangu kama nilivyokuwa nikimpima alipokuwa anarefuka haraka kuliko suruali zake. Nikauvisha shati lake la kanisani, Roda akafunga sanda. Mchungaji alisita. Baadaye akasema atamwombea Luka, mgomba hatauombea, akaja. Tumeuzika kando ya baba yenu. Nilidhani nitalia kwa kuwaridhisha watu. Nililia kweli, mwanangu, mpaka wakanibeba.

Sasa kaburi la Luka limefungwa. Ukimtoa Saza hana pa kulala. Hakuna mtu wa ukoo huu atakayempokea, na mimi mama yake nitakuwa wa kwanza kumfungia mlango. Usiseme mama amechanganyikiwa. Nimefanya kwa akili zangu, ili ukifika ukingoni usiwe na sababu ya kushuka.

Nilisema sikuzaa mgomba. Ni kweli, nilizaa watoto wawili, na kwa kumlilia mmoja nilimtuma mwingine akafe. Wewe uliniambia ukweli, nikakuita kwa jina tupu. Nisamehe, baba.

Maji yale usiyaguse. Jairo yuko mlangoni, pikipiki inanguruma. Kesho tunaanua tanga.

Mama yako


Saza
9 Agosti 2024, jioni

Mama yangu,

Shikamoo. Jairo amenikuta nimekaa ukingoni, nimevaa kila kitu. Nilikuwa nataka kujaribu leo, kidogo tu, kabla ya kesho.

Nimeisoma barua yako hapohapo. Halafu nimefungua mitungi yote miwili, hewa ikatoka mpaka ikaisha. Imechukua muda kuliko nilivyodhani. Wachimbaji walisogea kutazama, na walipoelewa ninachofanya wakavua kofia. Nimemuaga Luka kwa jina lake, nimemwambia amezikwa kwa baba na mama amemlilia.

Nilikuwa naogopa sana, mama. Ningeshuka, lakini nilikuwa naogopa.

Jairo anatangulia na karatasi hii kwa sababu pikipiki haiwezi kunibeba na mizigo yangu. Mimi nitadandia lori la kesho. Waambie wasianue tanga kabla sijafika. Tangu Luka afe sijapata kukaa msibani hata siku moja nikiwa ndugu yake tu, kila mtu alinitazama mimi na yale maji. Nitandikie hapo chini, nilale sakafuni karibu na wewe.

Mwanao,
Lwitiko