Laiti Mashine Ingedanganya

Kaka yangu,

Shikamoo. Sisi huku wazima, ila feni ya maabara imekufa, na dirisha bado limepigiliwa misumari. Bosi anasema joto ni afya.

Mwezi huu maabara kadhaa tuligawiwa unga wa jiwe moja, kila mmoja apime kivyake, kisha tulinganishe. Kaka, nilivyoomba tukosee! Mashine yetu ingekuwa inadanganya, basi hata ile sumu ya madini ya risasi tuliyoikuta kwenye mchanga wa mgodi wenu ingekuwa uongo. Majibu yamekuja jana: namba zetu zimelingana na za wenzetu wote. Bosi kapiga makofi, kanunua soda. Yangu nimeiacha mezani.

"Ya mgodi yanabaki humu humu," akaniambia. "Sahihi ya kutunza siri uliweka mwenyewe."

Niliweka kweli. Na wewe kazi ni ya mgodi, nyumba ni ya mgodi, utahamia wapi?

Uliniuliza kama watoto waendelee kuchezea kile kilima cha mchanga nyuma ya nyumba. Nimekatazwa kukujibu.

Nimeshawatandikia kitanda. Walete Jumamosi.

Mdogo wako,
mpima mawe