Mara ya Nne Hukurudi

Kaka Ambwene,

Wewe umekufa mara nne. Mara tatu nilikuua mimi, umekaa pembeni yangu na kikombe chako cha chai, unanielekeza pa kubonyeza. Ya nne ulikwenda mwenyewe bila kuniaga, presha, umeinama kufunga kamba za viatu asubuhi ya Jumatatu. Na hiyo ya nne ndiyo watu wa makao makuu walikataa kuiamini.

Nakuandikia kutoka Mlandege, Iringa, kwa mama. Uyole nimeondoka. Uliniachia aibu, Kaka, na leo nataka uisikie yote, usingizi utasubiri.

Unakumbuka mfumo ulivyokuja. Mishahara ya mashamba yote ya kampuni, ya nchi zote, ikaanza kuandaliwa sehemu moja huko ng'ambo, na sisi ofisi ya Uyole tukapewa ukurasa wa Tanzania tuujaze: namba ya kitambulisho cha taifa, namba ya mlipa kodi, namba ya mfuko wa hifadhi, mwenza, watoto. Kila nchi na ukurasa wake. Wakatuuliza mbona wachumaji wetu wa parachichi wengi wamezaliwa tarehe moja Januari. Ukawajibu kwamba huku hiyo ndiyo tarehe ya mtu ambaye mama yake alikumbuka mvua tu. Wakauliza mbona wale waliotoka Usangu wana wake wawili wakati nafasi ya mwenza ni moja. Ulishuka mwenyewe bondeni, boma kwa boma, ukamuuliza kila mwanamume mbele ya wake zake aandikwe nani. Ulirudi na vumbi mpaka kwenye kope. Ndivyo ulivyokuwa kwa taarifa za wenzako, lakini za kwako uliziacha ziwe uwanja wa mpira.

"Taarifa ya mfanyakazi ukiichezea nakukata mkono," uliniambia wiki yangu ya kwanza. "Chezea yangu."

Basi nikaichezea. Nilikupandisha cheo, nikakushusha. Nikakuhamishia Iringa ukalalamika kwamba Wahehe watakusumbua. Nikakuua, kwa tarehe na sababu, halafu nikabonyeza kile kitufe cha "rudisha" ukafufuka, tukacheka mpaka mhasibu akaja kutufungia mlango. Siku ya somo la ndoa ulimtoa mkeo ili nafasi ibaki wazi, ukasema haya, niozeshe. Mfumo ukakataa jina la kubuni, ulitaka kitambulisho cha mtu aliyepo. Kilichokuwa karibu ni changu, ndani ya kava la simu. Nikaandika namba yangu. Ukasema nimeolewa bila hata mbuzi mmoja, na kwamba tutarekebisha tukitoka kula.

Tulikwenda kula. Wali na maharage, na wewe ukaongeza pilipili mpaka ukatoa machozi.

Sasa sikia. Ulipokufa kweli, mimi ndiye niliyeandika kifo chako, maana kazi hiyo ulimfundisha nani mwingine? Majibu yakaja siku ileile: ukurasa wa Tanzania umeshatoa taarifa ya kifo cha mfanyakazi huyu mara tatu, tunaomba mwache kufanyia mazoezi kumbukumbu halisi. Mwili wako uko mochwari, Kaka, na mimi nimejifunga kanga kiunoni jikoni kwenu, naandika kwa heshima na taadhima kwamba safari hii amekufa kabisa. Wakataka ushahidi. Nikawapigia picha kibali cha kuzika. Hapo wakaamini, na mfumo ukafanya kazi yake. Mtu akifa huwa unaandika wenyewe barua ya rambirambi, na jina la mjane unalichukua kwenye ukurasa.

Meneja aliipata kwenye simu akiwa njiani kuja msibani. Hakuisoma kwanza. Unamjua. Zikafika salamu za rambirambi: kanisa likasoma, ukoo ukasoma, kwaya ikasoma, kisha akaitwa mwakilishi wa kampuni. Akavaa miwani, akashika kipaza sauti, akaanza kutafsiri mstari kwa mstari kutoka Kiingereza, kwa maringo. "Kwa mjane wa marehemu, Bi Oliva." Kipaza sauti kilikuwa kinakwaruza, akadhani watu hawakusikia. Akarudia.

Mama Ipyana, mkeo, alikuwa mkekani, amejifunika. Akafunua uso. Nilikuwa nimelala kwake siku tatu, naosha vyombo, nachota maji, namwita wifi kama nilivyomwita siku zote, kwa kuwa wewe nilikuita Kaka tangu ofisini.

"Wifi gani anaolewa na kaka yake?" akasema.

Mama mmoja wa kanisani akanipokonya beseni la vyombo, mwingine akaokota viatu vyangu akaviweka nje ya geti. Jeneza lako lilikuwa bado juu ya meza. Sikuona unavyozikwa. Nilisikia kwaya nikiwa nimesimama barabarani, malori yanapita.

Ungekuwa hapo ungecheka, nakujua. Laana kwako.

Aibu ingepita. Tatizo ni bima. Ile bima ya kampuni humfuata mwenza aliye kwenye ukurasa, na kwenye ukurasa nilikuwa mimi. Mama Ipyana akipeleka cheti cha ndoa anaambiwa hatambuliwi. Nikaomba jina langu litolewe. Makao makuu wakasema litatoka kwa maelezo ya maandishi ya huyohuyo mwenza, aseme nani aliliweka, na kwa nini likakaa miezi kumi na moja. Na wakaongeza: ikiwa marehemu ndiye aliyepotosha taarifa zake, bima inakufa.

Meneja aliniita pembeni akanishauri nikutupie wewe, maana marehemu hafukuzwi kazi. Bima ya mtoto wako ilikuwa hapo hapo mdomoni mwangu. Nikaandika kwamba nililiweka mimi, peke yangu, wewe hukujua lolote, halafu nikasahau kulitoa. Jina likatoka siku mbili baadaye. Na mimi nikatoka wiki iliyofuata, kwa barua yenye mistari mitatu.

Barua mpya ya rambirambi, yenye jina la mkeo, niliipeleka kwa mkono wangu. Mama Ipyana alikuwa amewaita wanawake walewale. Hakunikaribisha ndani. Alinisimamisha mlangoni akaniambia niisome, kwa sauti, kama meneja alivyosoma. Nikasoma. Nilipofika kwenye jina lake akanitaka nirudie. Nikarudia. Akaichukua, akaikunja, akasema nisikanyage kaburini kwako maisha yangu yote. Nikasema sawa.

Sasa lile ambalo sikuliandika kwenye maelezo.

Sikusahau. Niliona mwisho wa mwezi uleule, orodha ilipochapishwa. Oliva, mwenza. Nikasema kesho nitatoa, na kesho yake nikasema kesho. Nina miaka thelathini na moja na hakuna mahali popote duniani palipowahi kuniandika mke wa mtu. Kuna siku nilikuwa nafungua ukurasa wako bila kazi yoyote, nautazama, naufunga. Kukupenda nilikupenda, basi, limesemwa. Hukunigusa hata kidole na sikukuomba. Lakini mkeo aliponitoa getini sikupiga kelele kwamba ananionea, na sababu ndiyo hiyo.

Na wewe je?

Orodha ile ilipita mezani kwako kila mwezi. Wewe, uliyeweza kukamata tarakimu moja iliyogeuka kwenye kitambulisho cha mchumaji ambaye hujamwona mwaka mzima. Nilizitoa kabatini zote kabla sijarudisha funguo. Miezi kumi na moja, na saini yako iko chini ya kila ukurasa, na karibu na jina langu kuna alama ndogo ya kalamu, ile unayoweka ukishahakiki. Uliliona. Ukahakiki. Hukuniambia neno, na sasa umekwenda zako, na mimi nikae na swali hili mpaka lini?

Orodha zile nimezichoma kwenye jiko la mama. Mkeo ameshapata mume aliyeonewa na binti wa ofisini, abaki na huyohuyo. Hilo nakuahidi, Kaka: atanichukia mimi peke yangu, wewe atakulilia. Kaburini sitakuja, nimeshatoa neno.

Kabla sijakabidhi kompyuta nilifungua ukurasa wako mara moja zaidi, nione kama jina lake limekaa sawa. Limekaa. Chini yake kile kitufe cha "rudisha" bado kilikuwepo.

Sikukigusa. Lala, Kaka.

Oliva