Ensaiklopidia na Duka la Kwanza

Mjukuu na mume wangu Saidi,

Marahaba. Huku Kariakoo hatujambo. Mvua imejaza Jangwani, lakini hayo tuyaache.

Unasema mhadhiri amewakataza ensaiklopidia za mtandaoni, eti kila mtu anaandika humo. Unaniuliza uache? Usiache!

Nilipokuwa msichana, shangazi alinipeleka kununua khanga za harusi. Kwenye duka la kwanza muuzaji alitutandikia doti, akaapa, "Hii haichuji rangi!" Sisi hata hatukuwa tumewaza habari za kuchuja. Shangazi akashukuru, akatoka. Tulizunguka mtaa mzima, na kila duka alilowesha kidole akasugua khanga. Kila mara kidole kilitoka na rangi.

Ensaiklopidia ndiyo duka lako la kwanza. Liko wazi saa zote, halikudai nauli, na linakuonyesha cha kuuliza. Ila leo huyu kaandika, kesho yule kafuta, na wote wanaapa. Basi ingia, kisha utoke ukasugue: fungua vitabu vilivyotajwa chini ya ukurasa, waulize wanaojua. Mhadhiri akikukemea, mwambie bibi yako hajawahi kukatazwa duka, na hataanza leo.

Jioni tulirudi kwa yule muuzaji wa kwanza. Shangazi akasugua khanga yake, kidole kikatoka safi, akafungua pochi. Yule bwana akatucheka, "Si niliwaambia?"

"Uliniambia," shangazi akamjibu. "Sasa najua."

Bibi yako wa Kariakoo