Mama Taratibu, Uliyetuombea Jikoni

Mwaka umekatika, Mama, tangu asubuhi ile ulipotutoka huku manyunyu yakigonga dirisha la wodi. Tunasema umekatika kwa kuwa kalenda inasema hivyo. Humu ndani ya nyumba mambo hayako wazi kiasi hicho. Baba bado anainjika maji ya chai ya watu wawili, kisha anasimama akiyaangalia yakichemka, kama mtu aliyesikia akiitwa asijue na nani.

Ulikuwa mkunga. Nusu ya watoto wa mitaa hii walipokelewa na mikono yako, na mama zao wakakuita Mama Taratibu, kwa kuwa ndilo neno ulilowapa uchungu ulipopamba moto. Ulilileta hadi nyumbani. Baba akila kwa pupa, taratibu. Kaka Mkubwa akipanda ngazi kufunga taa, taratibu. Hata jiko likigoma kuwaka uliliambia taratibu, ingawa lenyewe halikuwa na haraka yoyote.

Jioni ulipiga pasi sare yako ukiimba nyimbo za kwaya, sauti ya pili peke yake. Tulikua tukizijua nyimbo zote nusunusu. Tukifika kanisani tulishangaa kusikia kumbe zina sauti ya kwanza.

Lakini leo tunataka kuukumbuka ule mwaka mgumu wa Chiriku, maana mwenyewe ametuomba tuuseme.

Chiriku ni kitinda mimba wako, na jina hilo ulimpa wewe. Aliongea akila, aliongea akisuka nywele, na usingizi ukimchukua aliendelea kidogo. Mimba yake ya kwanza ilipofika mwezi wa mwisho, siku moja mchana aliona mtoto ametulia kupita kiasi. Akakufuata wodini. Ulichukua kile kipembe cha kusikilizia moyo wa mtoto, ukakiweka tumboni, ukatega sikio. Ukakihamisha. Ukakihamisha tena. Chiriku hakuangalia tumbo lake, aliangalia uso wako, na akajua kabla hujafungua mdomo.

Mtoto wa kiume alizaliwa kesho yake, kimya. Ulimwosha mwenyewe, ukamviringisha kwenye shuka jeupe, ukamsogeza. Chiriku akageukia ukuta. Hakutaka kumwona.

Mumewe ni dereva wa lori. Alirudi mbio kumzika mwanawe, akakaa alivyoweza, kisha kazi ikamwita. Ukamleta binti yako nyumbani, kwenye chumba chake cha usichana. Pazia likawa halifunguliwi. Mchana na jioni vilichanganyikana humo. Aliwaona watu wakiingia kama anawaona nyuma ya kioo chenye mvuke, midomo inacheza, maneno yanafika yamekwisha nguvu. Wapendwa wa kanisani walikuja kwa nia njema. Mmoja akamwambia Mungu alihitaji malaika. Mwingine akamwambia bado msichana, atapata wengine. Wewe ukawashika viwiko, ukawageuza: "Ahsanteni, wapendwa. Chai iko sebuleni." Hata asiyetaka chai alijikuta ameshika kikombe.

Jioni moja ulirudi kutoka kazini, ukaketi pembeni mwa kitanda chake, ukavua viatu. Chiriku akaongea, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

"Huyo Mungu wako alikuwa wapi siku ile?"

Ulikaa na kiatu kimoja mkononi.

"Sijui, mwanangu."

"Sasa unapomwomba huwa unamwambia nini?"

"Siku hizi? Namwuliza hilohilo."

Alikungoja uongeze neno. Ukakiweka kiatu chini. Akajifunika shuka, akasema kutoka humo ndani, "Basi usije ukaniombea mbele yangu. Sitaki kusikia."

"Haya. Nitaombea jikoni."

Kweli ukahamia jikoni. Ila kile chumba na jiko vimegawana ukuta mmoja, na ukuta wenyewe ni mwembamba, hilo ulilijua vizuri. Au hukulijua? Tumebishana mwaka mzima na hatujafikia mwisho. Ulisali ukiosha vyombo, bila mbwembwe, kama mtu anayezungumza na mwenzake anayefuta sahani. Chiriku alikuwa akilala na kuamka, na sauti yako ikiingia na kutoka ndotoni mwake pamoja na mlio wa sufuria. Hakusikiliza, anasema. Ilikuwa tu hapo, kama mvua inavyokuwa hapo.

Ndipo ikafika ile alasiri. Jua lilikuwa limepenya pembeni mwa pazia, likalala miguuni pake. Upande wa pili maji yalikuwa yanamwagika. Akakusikia ukilitaja jina la mtoto, lile walilolichagua yeye na mumewe. Tangu maziko hakuna aliyethubutu kulitamka. Ulilitaja kwa kawaida tu, kama la mjukuu aliyeko darasani.

"Mshike shingo, Bwana," ukasema. "Bado haijakaza. Mshike vizuri."

Chiriku akafumbua macho. Anasema siku zote hizo, kila akimfikiria mwanawe, hakumwona popote. Palikuwa na weusi, basi. Sasa, kwa mara ya kwanza, kulikuwa na mikono. Mtoto alikuwa ameshikwa. Hakujua kama anaamini. Alijua tu kwamba pumzi iliyomkwama kifuani imeshuka.

Akainuka, akaja akasimama mlangoni mwa jikoni, nywele hazijasukwa, miguu peku.

"Mama. Alikuwa na nywele?"

Ulifunga bomba. "Nyingi. Na kidevu cha baba yake, kilekile cha ubishi."

Ndipo alipolia. Mlikaa chini sakafuni, mgongo kwenye kabati, mikono yako bado ina povu. Alilia mpaka akachoka, kisha akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Mwambie Bwana, mtoto alikuwa anacheza nikikaa kula. Labda hajui."

"Mwambie mwenyewe. Mimi nipo hapa."

Akamwambia.

Hatusemi kuwa yaliisha siku hiyo. Kuna asubuhi alizorudi kitandani, na kuna Jumapili alizoondoka katikati ya ibada. Alianza kukaa benchi la nyuma, karibu na mlango, na wewe uliyeimba mstari wa mbele miaka yote ukaacha nafasi yako kwenye kwaya, ukakaa naye huko nyuma, ukiimba sauti ya pili masikioni mwa watu wasiokuomba. Kidogokidogo maongezi yakamrudia. Siku alipomsema mumewe kwenye simu kwa muda mrefu mpaka salio likakata, Baba alikwenda uani kucheka.

Kisha kiharusi kikakuangusha, kikakunyang'anya maneno. Chiriku alikaa ubavuni mwako na hakunyamaza. Alikupa habari za majirani, nani amegombana na nani, kuku wa nani ameliwa. Muuguzi akamwambia, "Dada, mwache mgonjwa apumzike." Akajibu, "Mimi nikinyamaza ndiyo atashtuka." Kulipopambazuka aliacha habari za majirani akaanza kusali, kwa sauti ileile ya maongezi, na katikati ya sala yake ukaondoka. Aliona. Tulimwona akiona. Akaimalizia sala mpaka amina, ndipo akainamisha kichwa kifuani pako.

Tuliogopa, Mama. Tulimchungulia wiki zile kama mtu anavyochungulia chungu kilichowahi kupasuka. Alilia sana, lakini pazia alilifungua kila asubuhi. Sasa wakunga wenzako humpigia simu akitokea mama aliyempoteza mtoto. Huenda, akakaa. Ajabu ni kwamba huko haongei. Majuzi binti mmoja alimlalia mkononi mpaka mkono ukafa ganzi, na aliporudi Baba ndiye aliyemkatia nyama.

Kitu kimoja kilimkera mwaka mzima. Sote tulikuota: Baba anakuota ukitafuta viatu, Kaka Mkubwa anakuota ukimshikia ngazi. Yeye hakukuota hata mara moja. Wiki hii amekuota. Anasema ulikuwa kwenye chumba kirefu, chenye madirisha mengi na mwanga mwingi, umekunja mikono ya gauni, umeinamia kitu chenye kukushughulisha. Alikuita. Hukugeuka, ila ulimwinulia kiganja kimoja: ngoja. Aliamka akitabasamu, akaja kutuambia mezani.

"Yuko kazini," akasema. "Tutaonana akimaliza."

Unakumbukwa na mumeo. Na mwanao Kaka Mkubwa na mkaza mwanao. Na Chiriku na mumewe dereva. Na wajukuu wako, pamoja na yule aliyekutangulia. Na wakunga wenzako. Na kwaya, ambayo sauti yake ya pili haijapata mtu wa kuijaza. Ibada ya shukrani itakuwa nyumbani Jumapili alasiri. Chai iko sebuleni.

Daima tutakukumbuka, Mama, na tunangoja kwa furaha kuonana nawe tena.